KUFUNGA SAFU NZITO YA DISKI KATIKA RAKI YA KOMPYUTA
Maelezo kwa Watendaji, Wakuu wa Masjala na Mafundi wa Ofisi za Serikali, Unguja na Pemba

Wizara inapenda kuwafahamisha Watendaji, wakuu wa masjala na mafundi wa ofisi zote za Serikali kwamba maelezo haya yametayarishwa kwa ajili ya ofisi zilizopokea, au zinazotarajia kupokea, chombo cha kuhifadhia kumbukumbu kiitwacho safu ya diski. Chombo hicho ni kizito kuliko umbo lake linavyodhaniwa, na mara nyingi kazi ya kukifunga mahali pake huchukuliwa sawa na kazi ya kuhamisha meza: huitwa vijana wanne, mmoja akahesabu mpaka tatu, na mengine yakaachiwa bahati. Ieleweke kwamba ndani ya chombo hicho ndimo zinamokaa taarifa za vizazi na vifo, hati za ardhi, mishahara, matokeo ya mitihani ya skuli na mashauri ya mahakama. Anayekiangusha hajavunja chuma peke yake.

Safu ya diski ni sanduku la chuma, refu kwenda nyuma na fupi kwenda juu, lenye nafasi nyingi upande wa mbele au juu yake, na katika kila nafasi huingia diski moja. Safu ndogo huchukua diski 12, za kati 24, na kubwa huchukua 60 au zaidi. Asili ya chombo hiki si ya jana. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kifaa cha kwanza cha diski kilichouzwa kwa wateja. Kilikuwa na sahani 50 zenye upana wa sentimita 61 kila moja, uzito wake ulikuwa takriban tani moja, na uwezo wake wote ulikuwa herufi milioni 5, kiasi ambacho leo kingejazwa na picha moja au mbili za simu ya mkononi. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nao ni David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha makala iliyoeleza namna diski nyingi za bei nafuu zinavyoweza kuunganishwa zikafanya kazi kama diski moja kubwa, na mojawapo ikifa kazi isisimame. Utaratibu huo ndio mafundi wanaouita reidi, na ndio unaotumika mpaka sasa katika safu tunazozizungumzia.

Diski moja moja zimekuwa ndogo, lakini kwa kuwa zinakusanywa kwa wingi, uzito umerudi kwa mlango wa nyuma. Diski ya kawaida ya inchi 3.5 ina uzito wa takriban gramu 700. Diski 12 ni zaidi ya kilo 8. Diski 24 ni karibu kilo 17. Diski 60 ni kilo 42. Huo ni uzito wa diski peke yake. Ongeza sanduku lenyewe, vifaa viwili vya kugawia umeme, feni na kontrola, na utaona kwa nini safu kubwa iliyojaa huweza kupita kilo 80. Uzito kamili huandikwa katika kitabu cha maelekezo na aghalabu kwenye kibandiko kilicho ubavuni mwa sanduku. Usomwe kabla ya sanduku kuteremshwa garini, kwani ukishakuwa mikononi umechelewa kuusoma.

Jambo la kwanza la kuamua ni chumba, na hapa tunaomba radhi kwa kurefusha maneno, kwa kuwa visiwani petu suala hili lina uzito wake.

Ofisi zetu kadhaa zimo katika majumba ya zamani ya Mji Mkongwe. Sakafu za juu za majumba hayo zimejengwa kwa boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake yakapangwa mawe ya matumbawe na kumiminwa chokaa. Ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, ambao kwa kawaida haukupita mita 3 kwa mengi. Sakafu hizo zilikusudiwa kubeba watu, mikeka, vitanda na makasha. Boriti ikishaliwa na mchwa au ikilowana kwa mvua inayopenya kwenye dari, kwa nje huonekana nzima hali ndani imekuwa unga.

Sasa chukua raki ya kawaida yenye upana wa sentimita 60 na kina cha mita 1. Eneo lake sakafuni ni sehemu 6 za kumi za mita moja ya mraba. Raki hiyo ikijazwa seva, safu za diski na betri hadi kufikia kilo 600, jambo ambalo si geni, sakafu itakuwa imebebeshwa kilo 1,000 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya ofisi ya kisasa ya zege aghalabu hupigiwa hesabu ya kilo 200 hadi 300 kwa mita ya mraba. Tena uzito wa raki hausambai sawasawa, bali hukaa juu ya miguu minne yenye ukubwa wa sarafu. Hivyo basi, katika jengo la kale raki ikae chini kabisa, juu ya ardhi, na katika jengo jipya aulizwe mhandisi wa majengo kabla haijapandishwa ghorofani. Wananchi wanakumbuka kwamba sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Hatusemi kwamba jumba lile lilielemewa na mitambo. Tunakumbusha tu kwamba ukuta mnene na mlango wa nakshi si dhamana ya sakafu.

Ofisi ya chini nayo ina adui wake, ambaye ni maji. Mvua za masika huingia uani, na kuta za matumbawe hunyonya unyevu na chumvi kutoka ardhini. Dawa yake ni kuinua raki juu ya msingi wa zege wa sentimita 15 au 20, na kuiweka mbali na ukuta ili fundi apite nyuma yake. Kosa tulilolikuta mara nyingi zaidi ni jingine: raki huwekwa chini ya kipoza hewa ili ipate baridi vizuri. Kipoza hewa hutoa maji, mfereji wake huziba kwa vumbi na uchafu, na siku moja maji hudondoka juu ya raki. Kipoza hewa kielekezwe kwenye upande wa mbele wa raki kutoka pembeni, kamwe kisiwe juu yake.

Njia ya kufikia chumba ikaguliwe kwa futi kabla ya siku ya kazi. Yapimwe mapana ya milango, kona za ngazi na vizingiti. Safu huteremshwa Bandari ya Malindi au ya Mkoani, ikapakiwa kwenye gari na pengine mwisho wa safari ikasukumwa kwa rikwama katika vichochoro. Mahamali wetu ni watu wenye uzoefu na nguvu, na hawana lawama yoyote iwapo hawakuambiwa kilichomo. Waambiwe wazi kwamba mzigo haubinuliwi, haupigwi chini, wala haukaliwi. Kasha libaki katika ufungaji wake mpaka ndani ya chumba. Ikiwa limesafiri kwa ndege au limetoka katika ghala lenye ubaridi, liachwe bila kufunguliwa kwa muda ulioelekezwa kitabuni, pengine usiku mzima. Chuma baridi kikikutana na hewa yetu yenye unyevu hutokwa na jasho kama gilasi ya maji ya barafu, na jasho hilo likiwa juu ya mabamba ya umeme huleta hasara siku hiyo hiyo au kutu baada ya miezi.

Raki na matundu yake

Raki ni fremu ya chuma yenye nguzo nne. Kipimo chake cha upana wa mbele ni inchi 19, sawa na milimita 482.6, na kimetokana na mitambo ya simu ya Marekani ya miaka ya 1920. Urefu wake hugawanywa kwa yuniti, na yuniti moja ni milimita 44.45. Raki ya kawaida ina yuniti 42. Safu ya diski 12 aghalabu huchukua yuniti 2. Kubwa huchukua yuniti 4 au 5.

Kila yuniti ina matundu matatu kwenye nguzo, na hapa ndipo wanapoteleza hata mafundi waliobobea. Matundu hayakuachana kwa nafasi sawa. Kutoka tundu la kwanza hadi la pili ni milimita 15.875, kutoka la pili hadi la tatu ni hivyo hivyo, lakini kutoka la tatu hadi tundu la kwanza la yuniti inayofuata ni milimita 12.7 tu. Mpaka baina ya yuniti mbili umo katikati ya nafasi hiyo fupi. Fundi asiyelijua hili huhesabu matundu kwa macho, akafunga reli ya kushoto mahali pake na ya kulia tundu moja juu zaidi. Sanduku tupu litaingia kwa kulazimishwa. Likijazwa, litakaa limepinda, na siku ya kuvutwa halitatoka. Kabla ya kufunga reli, yuniti zihesabiwe kutoka chini kwenye nguzo zote nne, mbele na nyuma, na kila moja itiwe alama ya kalamu. Raki nyingi zimechapwa namba za yuniti nguzoni. Hata hivyo ziguswe kwa kidole, moja moja, na mtu wa pili azihakikishe. Pimamaji iwekwe juu ya reli zote mbili kabla ya skrubu kukazwa mwisho.

Reli ndizo zinazobeba safu. Masikio mawili yaliyo mbele ya sanduku, yenye matundu ya skrubu, hayakutengenezwa kubeba uzito. Kazi yake ni kuzuia sanduku lisiteleze mbele. Tumewahi kuona safu iliyoning'inizwa kwa masikio hayo peke yake kwa sababu reli zilisahauliwa katika kasha, na chuma kilikuwa kimeanza kukunjika. Reli zitumike zilizoletwa pamoja na chombo. Reli za chombo kingine, hata zikifanana, huenda zimekadiriwa nusu ya uzito. Aidha, umbali kutoka nguzo za mbele hadi za nyuma upimwe na kulinganishwa na kitabu, kwani kila reli ina mwanzo na mwisho wa kurefuka kwake, na safu za diski nyingi ni ndefu kiasi cha kukaribia mlango wa nyuma wa raki. Mlango usiofunga kwa sababu ya nyaya zilizokunjwa ni dalili kwamba raki si ya chombo hicho.

Safu ikae wapi katika raki?

Jawabu ni chini. Betri za umeme wa akiba, ambazo ni nzito kuliko vyote, zikae chini kabisa. Juu yake ifuate safu ya diski. Seva nyepesi zikae katikati, na vifaa vyembamba vya mtandao juu. Raki ipakiwe kutoka chini kwenda juu, wala isipakiwe kutoka juu hata kwa siku moja kwa kusubiri kifaa cha chini ambacho hakijawasili. Kabla ya chochote kuingizwa, miguu ya kuzuia raki isipinduke itolewe mbele, au raki ifungwe kwa bolti sakafuni.

Mwandishi wa maelezo haya alishuhudia kwa macho yake, mwaka 2011, lililotokea katika ofisi moja ambayo haina haja ya kutajwa. Safu yao ya diski 12 ilikuwa imefungwa katika yuniti za juu, usawa wa macho, kwa sababu mkuu wa ofisi alipenda kuziona taa zake zikimemeta anapoingia na wageni. Ilifanya kazi miezi kadhaa bila tatizo. Siku moja feni ilianza kuunguruma, na kijana fundi akaivuta safu nje juu ya reli zake za kuteleza, ikiwa imewashwa, ili aifikie. Chini ya raki hamkuwa na kitu ila nyaya. Miguu ya kuzuia ilikuwa ingali ndani ya mfuko wake wa nailoni, imefungwa kwa utepe nyuma ya mlango. Raki ikamwinamia polepole, naye akaukinga mkono. Alivunjika vidole viwili na Mungu akamnusuru na zaidi ya hapo. Diski tatu ziligongwa zikiwa zinazunguka. Utaratibu wao wa reidi ulistahimili kufa kwa diski mbili, si tatu. Nakala ya akiba ilikuwapo, lakini ilikuwa ndani ya safu hiyo hiyo, katika jalada jingine.

Makarani walirudi kwenye vitabu vya mkono, na Alhamdulillahi vitabu vilikuwa havijatupwa. Kwa wiki nyingi waliandika upya maingizo kwa zamu, asubuhi na jioni. Yupo mama mmoja kutoka shamba aliyefika mara tatu kufuata cheti cha mwanawe aliyetakiwa kuandikishwa skuli. Mara ya tatu hakuuliza kitu. Alikaa kwenye benchi akangoja mpaka tukamwita.

Tumekieleza kisa hiki kwa kirefu kwa kuwa kila kosa lililomo lilikuwa na dawa ya dakika tano. Reli za kuteleza ni nzuri, na baadhi ya safu haziwezi kuhudumiwa bila ya kuvutwa, lakini hutolewa nje chombo kimoja tu kwa wakati mmoja, baada ya kuthibitisha kwamba raki imezuiwa na kwamba nyaya za nyuma zina urefu wa kutosha kufuata.

Kunyanyua

Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza imetoa mwongozo ambao unafaa kuigwa: mzigo ulio karibu na mwili, usawa wa kiuno, usizidi takriban kilo 25 kwa mwanamume na kilo 16 kwa mwanamke. Mikono ikinyooshwa mbele au mzigo ukipanda juu ya bega, kiwango hushuka sana. Tena watu wawili hawabebi mara mbili ya mmoja. Mwongozo huo unakadiria thuluthi mbili tu ya jumla ya uwezo wao, kwa kuwa hatua hazilingani na mmoja huwahi kuachia. Kwa hesabu hiyo wanaume wawili wasipewe zaidi ya kilo 33 hivi, na wakiwa watatu huhesabiwa nusu ya jumla, yaani kama kilo 37. Kuongeza watu zaidi mbele ya raki hakusaidii, maana hakuna pa kusimama.

Kwa mnasaba huo, diski zote zitolewe kabla ya safu kunyanyuliwa. Pamoja nazo vitolewe vifaa vya kugawia umeme na chochote kingine ambacho kitabu kinaruhusu kuchomolewa. Safu ya diski 24 itapungukiwa na karibu kilo 17 kwa hatua hii moja. Isishikwe kwa vishikio vya vifaa hivyo, kwani hivyo ni vya kuvutia kifaa chenyewe na hung'oka vikibebeshwa sanduku zima. Safu kubwa za diski 60 hubaki nzito hata zikiwa tupu, na kwa hizo itumike mashine ya kunyanyulia yenye meza inayopanda na kushuka. Ofisi isiyokuwa nayo iazime. Meza za ofisi, matofali na makasha ya soda yaliyopangwa si badala yake.

Sanduku tupu likishalingana na reli, wawili hushika ubavuni, wa tatu husimama nyuma ya raki akiongoza kwa maneno, na ni mmoja tu anayetoa amri. Sanduku lisukumwe mpaka vilimi vya reli vigonge na kusikika vyote viwili. Hapo hukazwa skrubu za mbele, na za nyuma kama zipo. Safu ya yuniti nyingi huwa na skrubu za nyuma ambazo wengi huziacha kwa kuwa pana giza huko. Ziende na tochi.

Kurudisha diski

Kila diski itiwe namba kwa utepe wa karatasi kabla ya kutolewa, ikionesha nafasi yake. Katika safu mpya kabisa mpangilio huenda usiwe na madhara, ila baadhi ya safu huletwa zikiwa zimekwisha pangwa kiwandani. Katika safu inayohamishwa yenye kumbukumbu ndani, namba hizo ni amana. Kontrola nyingi za kisasa huzitambua diski hata zikichanganywa, lakini hilo lisiwe tegemeo letu.

Diski isishikwe kama tofali. Ndani yake mna sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa kisomacho huelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita kati ya 50,000 na 100,000. Diski iliyoanguka kutoka usawa wa meza haitaonesha mkwaruzo kwa nje, na pengine itawaka na kufanya kazi mwezi mzima kabla ya kufa. Iliyoanguka itengwe na iandikwe, na aliyeiangusha asikaripiwe mbele ya watu, vinginevyo ya pili itaanguka na hatutaambiwa. Diski zilazwe juu ya kitambaa laini au sponji ndani ya mifuko yake ya kuzuia umeme tuli, bila kupandishwa moja juu ya nyingine. Fundi avae ukanda wa mkononi uliounganishwa na ardhi, au aguse chuma cha raki iliyoungwa ardhi kila anapotaka kushika diski. Hewa yetu yenye unyevu hupunguza umeme huo, ila chumba chenye kipoza hewa kinachofanya kazi usiku na mchana si hewa ya Forodhani.

Nafasi zisizokuwa na diski zifunikwe kwa vifuniko vyake. Hewa ya kupoza huingia mbele na kutoka nyuma, na tundu lililo wazi huifanya ipite pasipohitajika, hali diski jirani zinachemka.

Umeme

Safu huwa na vifaa viwili vya umeme ili kimoja kikifa kingine kiendelee. Faida hiyo hupotea pale nyaya zote mbili zinapochomekwa katika soketi moja ya ukutani, au katika kiendelezi kimoja cha dukani. Kila waya uende kwenye njia yake, na kila njia ipitie kifaa cha umeme wa akiba chenye betri, ambacho mafundi hukiita yupiesi. Diski moja hutumia wati 5 hadi 8 ikiwa kazini, lakini inapoanza kuzunguka huweza kuhitaji wati 20 au zaidi. Diski 24 zikianza kwa pamoja ni kama wati 500 kwa sekunde kadhaa, mbali na seva zenyewe. Safu nyingi huziamsha diski kwa mafungu ili kuepuka jambo hilo. Hata hivyo betri zikadiriwe kwa mwanzo, si kwa wastani.

Wakaazi wa Unguja hawahitaji kukumbushwa kukatika kwa umeme kwa takriban mwezi mmoja katika mwaka 2008, na kwa takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya wa chini ya bahari uliofika mwaka 2013 umeongeza nguvu, lakini ofisi bado inapaswa kujua la kufanya jenereta isipowaka. Betri si za kufanyia kazi, ni za kupatia muda wa kuzima kwa heshima. Wakati wa kuzima, seva ndizo zitangulie na safu iwe mwisho. Wakati wa kuwasha, safu itangulie, zingojewe taa zote zitulie, kisha ndipo seva ifuate. Seva ikiamka kabla ya safu, huona diski hazipo na huweza kuziandika kuwa zimekufa. Utaratibu huu uandikwe kwa kalamu nene na kubandikwa mlangoni mwa raki, kwa Kiswahili, maana atakayekuwapo umeme ukikatika saa nane za usiku huenda akawa mlinzi.

Reidi na nakala ya akiba ni mambo mawili. Reidi huokoa kazi diski ikifa. Haiokoi kitu raki ikipinduka, chumba kikiungua, au karani akifuta jalada kwa makosa. Nakala iwekwe katika chombo kingine, jengo jingine, na ikiwezekana kisiwa kingine. Ofisi ya Unguja inaweza kuweka nakala yake Pemba na ya Pemba ikawekwa Unguja. Nakala hiyo ifunguliwe na kusomwa angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu.

Baada ya wiki moja tangu kufungwa, fundi arudi na bisibisi na pimamaji. Skrubu hulegea kidogo chuma kinapotulia na feni zinapotikisa. Aangalie miguu ya raki, nyaya za nyuma na dari iliyo juu yake, na aandike katika daftari la masjala tarehe, namba ya kila diski na nafasi yake, uzito wa safu tupu na uzito wake ikiwa imejaa, pamoja na mahali zilipowekwa funguo za milango ya raki. Daftari hilo libaki masjala, na lisiingizwe katika kompyuta hiyo hiyo peke yake.